Kimya Kwanza, Vigelegele Baadaye: Tunamuaga Mwalimu Epifania

Na Clara, mwalimu mwenzake

Tarehe 30 Juni 2016 Mwalimu Epifania Kokushubira anatundika filimbi yake, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha kuogelea na kuamua mashindano katika kituo chetu cha jamii hapa West Side, Buffalo. Tunasema anaitundika, ingawa wanaomfahamu wana mashaka. Filimbi hiyo imehudhuria harusi, misa na foleni za supamaketi, na Jumapili moja ilipulizwa kanisani, watoto walipokimbia karibu na kisima cha ubatizo. Hata padri alisimama tuli.

Alizaliwa Bukoba, akaja huku Marekani kumfuata mumewe aliyekuwa masomoni. Kuogelea hakujua hata kidogo. Somo lake la kwanza, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alilimaliza akiwa ameng'ang'ania ngazi ya bwawa, na la pili vilevile. Leo sidhani kama kuna mtaa wa West Side usio na mtu aliyefundishwa na mikono ile kulala juu ya maji bila woga. Mimi ni mmoja wao.

Familia kutoka mashariki mwa Kongo ziliongezeka mtaani, lakini bwawani hazikuonekana. Mwaka 2014 uongozi ukatuambia wazi: darasa la jioni la Mwalimu Epifania lisipopata watu, litafungwa. Hapo Jean-Baptiste, mwenyekiti wa wazazi, ambaye hajawahi kuona shughuli isiyohitaji ngoma, akaja na dawa yake. Mashindano yetu ya kila mwaka na jumuiya za miji ya Columbus na Louisville yageuzwe sherehe, yawe na kwaya, sambusa na vitenge vya sare. Sisi walimu tukanuna. Tulisema mchezo utakuwa harusi, na kwamba ukishaanza kuwafurahisha watazamaji, sheria zitalegezwa moja baada ya nyingine mpaka ushindi usiwe na maana. Mwalimu Epifania hakununa. Alisema waje wote na ngoma zao, naye atakuja na filimbi.

Basi wakaja. Mwaka ule tulikuwa Columbus, na nadhani kitongoji kizima cha Whitehall kilihamia bwawani siku hiyo. Fainali ya wasichana ilipofika, Chimène, tegemeo la Buffalo, akapanda jukwaa la kuanzia. Waogeleaji wakainama kusubiri honi. Sasa, kwetu mtoto akisimama mbele ya umati, mama yake anyamaze vipi? Laurentine, mama wa Chimène, alipiga kigelegele kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu. Chimène akaruka majini kabla ya honi.

Kanuni ya mashindano yetu inasema anayeruka mapema ametoka, na kelele za mashabiki wake mwenyewe si utetezi. Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Epifania. Jean-Baptiste aliteremka mbio hadi ukingoni, akaanza kumsihi kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Maman, leo ni fête, ni sikukuu. Bon, urudishe mutoto, baanze tena."

Watu wale ndio walioshika uhai wa darasa lake. Wakiudhika, hawarudi, na yeye alilijua hilo kuliko sote. Alimtazama mwanafunzi wake aliyekuwa bado majini, akainua mkono, akamtoa. Kisha akachukua taulo na kumfunga mabegani kwa mikono yake mwenyewe.

Tulirudi Buffalo kwenye basi lililokuwa kama matanga. Darasa la jioni tulikwisha kulizika.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alipanda basi hadi mtaa wa Black Rock, nyumbani kwa Laurentine. Hakwenda kuomba radhi. Alikwenda kumpa kazi ya kusimamia mashabiki wote: wanyamaze mpaka honi ilie, halafu wafanye wapendavyo.

"Mimi njo niliharibisha, donc unanipatia tena kazi?" Laurentine alishangaa. Mwalimu akamjibu kwamba mtaani hapa hakuna sauti nyingine ambayo watu wote wataitii.

Mwaka 2015, Louisville, watu walifurika kuliko mwanzo, wengi wao wakitaka tu kuona kama Laurentine ataweza kunyamaza. Waogeleaji walipopanda, alisimama na kuinua kitenge juu. Ukumbi mzima ukatulia, kwaya, ngoma, hata watoto wachanga, sijui walifanywaje. Tuliisikia pampu ya bwawa ikifanya kazi. Nimeona mengi kando ya maji, lakini umati mkubwa kiasi kile ukiamua kunyamaza kwa heshima ya mchezo sijawahi kuuona, na machozi yalinitoka. Honi ikalia, kitenge kikashuka, na paa lilinusurika kwa neema tu. Chimène alishika nafasi ya pili. Hakuna aliyebisha, hata Jean-Baptiste, ambaye ubishi ndiyo starehe yake.

Darasa la jioni halikufungwa. Msimu huu lina foleni, na Chimène ndiye anayewabembeleza wageni waiachie ngazi.

Mwalimu, tunakushukuru sana. Mungu akupe miaka mirefu, magoti yasiyouma na wajukuu wasiokimbia kando ya maji.

Nanyi mlioko ukumbini leo, tunawaomba jambo moja. Mwalimu atakapoitwa mbele, mtu asipige makofi wala kigelegele. Tusimame kimya, tumtazame Laurentine. Kitenge kikishuka, hapo paa lijitegemee.