Kiti Kinacholia Katika Kipande cha Nne

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Usambazaji, mwenyekiti wetu, Mama yetu uliyekaa safu ya mbele, majirani, na wote mliokuja kusikia albamu tatu zikitangazwa:

KUKUKARIBISHA

Karibu katika Chumba cha Chini. Ngazi zetu ni nyembamba na bomba la juu limeshagonga vichwa vya wengi. Tunaamini umepita salama. Maji yako yapo mezani, mbele kidogo. Jisikie nyumbani, kunywa wakati wowote.

Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Ofisi yako ilitutaka tupeleke risala siku tatu kabla, isizidi kurasa mbili. Tulipeleka. Ilikuwa na kurasa mbili na ilishukuru mara kumi na moja. Hii si ile. Ile ilikuwa nzuri, lakini tulipoisoma kwa sauti tuliona imeandikwa na watu wenye woga, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema tunaogopa nini. Tukaandika nyingine.

Anayekusomea ni mnakili wetu wa nota. Humu ndani atatajwa mara nyingi, na ametuomba tumwandike kama mtu mwingine, la sivyo hataweza kufika mwisho. Tumemkubalia.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa karakana ya seremala. Alipohama alituachia viti kumi na kimoja vya mbao, na sisi tulikuwa wapigaji kumi na mmoja, tukaona ni bahati. Kumi vilikuwa kimya. Cha kumi na moja kililia. Si ukikikalia wima, hapana; ukikaa wima kinatulia kama mtoto aliyelala. Kinalia ukiinama mbele. Sauti yake huanza nyembamba, hupanda, kisha hukatika ghafla, kama mtu aliyetaka kusema neno akazuiwa. Tulikiita Shangazi, kwa sababu kinasema bila kuulizwa.

Hakuna aliyekitaka. Akakichukua Dada Mkubwa, mpigaji wetu wa fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti. Alisema, "Nipeni mimi. Mwenzenu nyumbani nimezoea kelele." Mnakili, ambaye ni mdogo wake wa kuzaliwa, alicheka kuliko wote, maana kelele yenyewe nyumbani ilikuwa ni yeye.

Kwa miaka sita tumefanya kazi ya kurekodi muziki wa filamu na tamthilia. Kazi hii ni ya watu wasioonekana. Mtazamaji anamwona mama akishuka ngazi na kulia. Hajui kwamba chini ya machozi yale kuna watu kumi na mmoja wamebana pumzi kwenye chumba kisicho na dirisha.

Kwa sababu ya kubana pumzi huko tuna kanuni moja, nayo utaikuta ukutani nyuma yako. Mtu akiharibu kipande kwa kukohoa, kudondosha kitu au kukosea nota, asijifiche. Anangoja nota ya mwisho, kisha anasema kwa sauti, palepale mbele ya maikrofoni, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Hapo fundi mitambo hahangaiki kukagua nyaya, na wapigaji hawaangaliani kwa jicho la pembeni. Aliyesema hagombezwi. Tunarudi mwanzo.

TULIYOYAFANYA

Albamu tatu ulizokuja kuzitangaza, zitakazotoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, tunazifahamu. *Mto Umehama*, ile filamu ya wajenzi wa daraja, tuliirekodi kwa siku nne, mpiga tarumbeta akiwa na jino bovu. Katuni ya *Kijiko na Uma* tuliirekodi kwa vicheko. Na *Ngazi za Nyuma*, tamthilia ambayo watu walikuwa wakifunga maduka mapema waiwahi, tuliirekodi kwa majuma matatu. Ndiyo kazi tunayoionea fahari, na ndiyo iliyotuleta kwenye maneno haya.

Kipande cha nne cha *Ngazi za Nyuma* ni pale mama mfanyakazi anapofukuzwa na kushuka zile ngazi kwa mara ya mwisho. Mtunzi aliiachia fidla kubwa peke yake mahali pamoja, inashuka mpaka nota ya chini kabisa. Kuifikia nota ile kwa uzito uliotakiwa, Dada Mkubwa alilazimika kuinama. Katika mazoezi Shangazi alilia mara tatu mfululizo. Mnakili akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya nota ile kwa herufi kubwa: KITI! Karatasi hiyo anayo mfukoni hivi sasa.

Siku ya kurekodi Dada Mkubwa alikaa wima, akashuka nota moja moja. Kisha akasahau karatasi, akasahau kiti, akatusahau na sisi. Akainama. Shangazi akalia. Tukamaliza kipande, kukawa kimya sekunde nne nzima, halafu ikasikika sauti yake, ya chini, ya mtu aliyechoka na aliyeridhika: "Ni mimi."

Fundi alishanyoosha mkono kurudisha mkanda. Mwongozaji wa tamthilia akamzuia. Alikuwa ametoa kitambaa na anafuta macho. "Acha hivyohivyo," alisema. "Hakitapigwa tena vile." Kipande kikabaki na kiti chake.

Dada Mkubwa aliugua mwaka jana. Wiki sita tu. Tumebaki kumi.

YANAYOTUKWAZA

Mgeni rasmi, tumepokea barua tatu kutoka ofisini kwako. Ya kwanza ilisema bomba lilipasuka stoo na mikanda yetu yote ya *Ngazi za Nyuma* imelowa na kuharibika. Ya pili ilisema, kwa sababu hiyo, muziki umepigwa upya mahali pengine na watu wengine, hivyo majina yetu hayatakuwemo kwenye jalada, wala hatuna fedha ya kudai. Ya tatu ilitualika leo na kutaka kurasa mbili. Zote hazina tarehe. Tulilitazama jambo hilo la tarehe kwa muda mrefu.

Hata hivyo tuliamini. Maji ni maji, hayana upendeleo. Mnakili ndiye aliyeumia zaidi.

Kisha mkaweka hadharani kionjo cha albamu, dakika moja na nusu ya kipande cha nne, watu waonje. Mnakili alikisikiliza kwenye simu nyumbani kwa mama yao, Mama akiwa anakunja nguo. Alisikiliza mara moja, akasimama. Akasikiliza tena.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini? Wimbo wa huzuni."

"Sikiliza hapa. Hapa."

Mama akaacha nguo. Akasogeza sikio. Mara ya tatu akakaa kitandani polepole, akasema, "Huyo ni mwanangu, amekaa vibaya. Tangu mdogo nilikuwa nikimwambia, kaa wima, kaa wima."

Asubuhi mnakili alikwenda kwa fundi mitambo, kwa sababu fundi ndiye aliyepeleka mikanda stoo kwenu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjwa kama shati la mseja?"

"Sikiliza hiki."

Fundi akaweka simu sikioni. Haikupita dakika, akaishusha. "Shangazi," alisema.

"Una hakika?"

"Miaka sita ananitoa jasho, nitamsahau leo?"

"Mikanda si ililowa?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Wewe ndiye uliyeipeleka."

"Nikaiweka rafu ya juu kwa mikono yangu hii. Stoo ile haina hata bomba la kunawa, nilirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilowe na nini, jasho la mlinzi?"

"Au hukuipeleka."

"Mdogo wangu, unanishuku mimi?"

"Nashuku kila mtu, kaka. Hata Mama nilimuuliza mara mbili."

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo, mgeni rasmi, na tunaisema kwa aibu. Kwa majuma mawili chumba hiki hakikuwa na salamu, kila mmoja akidhani mwenzake ameuza mkanda. Mpiga zumari akipokea simu, anatoka nje. Tukajiuliza kwa nini anatoka. Mpiga tarumbeta alikuja na viatu vipya, tukavitazama viatu kuliko nota. Baadaye tukajua ni zawadi ya binti yake. Fundi alifungua kabati lake mbele yetu bila kuombwa, akatoa kila kitu, mpaka soksi. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Hilo ndilo linalotuuma.

Kisha mnakili akatukusanya, akatuwekea kionjo kwenye spika kubwa. Wapigaji wengine walioko mbali wanaweza kununua fidla kama ya Dada Mkubwa. Wanaweza kupiga nota zilezile, maana ziliandikwa vizuri. Lakini hawawezi kuwa na kiti hiki, na hawawezi kuinama mahali palepale. Tulipoinua macho tulikuta tunaangaliana usoni tena.

Kuna jambo jingine tuliliona. Kionjo chenu kinafifia na kuzimwa mara baada ya nota ya mwisho. Kwenye mkanda wetu, baada ya nota hiyo, kuna sekunde nne za kimya, halafu kuna yeye. Aliyezima pale alizima kwa bahati, au alisikia kilichofuata? Hatujui. Tunauliza tu.

TUNAYOOMBA

Barua yenu ya pili ilidhani tunatafuta fedha. Siyo.

Marehemu hakupenda kurekodiwa akizungumza. Ukimwelekezea simu alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja na kukufukuza. Tumepekua simu zetu zote, na ya Mama. Tuna picha zake nyingi. Tuna saa na saa za fidla yake. Sauti yake ya kusema hatuna, hata neno moja, isipokuwa yale mawili yaliyo mwisho wa mkanda ambao mmetuandikia kuwa haupo. Mama yake alizoea kuyasikia kila jioni mlangoni. Alikuwa akiuliza, "Nani?" naye anajibu hivyohivyo, hajawahi kutaja jina. Sasa Mama ana umri wa kusahau, na ametuambia kitu cha kwanza kinachomponyoka ni sauti. Sura bado anaiona.

Tunaomba kipande cha nne kiende mpaka mwisho wake. Tunaomba jina la aliyepiga fidla kubwa liwe kwenye jalada. Yetu sisi kumi mnaweza kuyaacha. Kama jalada limekwisha chapwa, basi Mama apewe nakala ya mkanda, aondoke nayo leo au aletewe kesho, mnakili atangoja mlangoni.

Na sasa, mgeni rasmi, tunakuomba uvumilie kidogo. Hapa msomaji atanyamaza, na fundi mitambo atapiga sekunde tisa za kionjo chenu. Ni zile tisa tu.

Umesikia. Huenda utasema mbao hulia popote, na si sisi peke yetu tulio na kiti kibovu. Ni kweli. Ndiyo maana tuliweka maji yako mbali kidogo. Kama umeshayanywa, uliinama, na ukumbi mzima ulisikia. Kama bado, tunakuomba uyafikie sasa.

Kiti ulichokalia ni hicho. Tulikusudia kukuambia mapema, lakini tuliona ukijua utakaa wima.

Hatujui kama wewe binafsi ulijua. Inawezekana aliyeandika barua yupo ghorofa nyingine, nawe umeletewa tu karatasi usome. Inawezekana mikanda ilionekana baadaye, imekauka, na mtu akaona haya kuandika barua ya nne. Tumekushuku, lakini tumeshatoka kushukuana wenyewe na tunajua ubaya wake. Hatutaki kurudi huko, na hatupendi wewe uondoke nao. Kanuni iko ukutani nyuma yako. Mkubwa na mdogo huitumia, mwongozaji mmoja aliwahi kuitumia, mtunzi aliitumia mara mbili kwa siku moja. Ukiona inakuhusu, maikrofoni iliyo mbele yako imewashwa. Ni maneno mawili. Asemaye hagombezwi hapa. Fundi atarudisha mkanda, mnakili atafungua ukurasa wa kwanza, na tutaanza upya pamoja nawe.

Ukiona haikuhusu, inuka tu na tutakusindikiza mpaka juu. Huna haja ya kututazama; ukiinama kuinuka, kiti kitatujulisha.

Mwenyezi Mungu akujalie masikio mepesi na usingizi mzuri. Azilinde albamu zote tatu na watakaozisikiliza. Ampe mwenzetu pumziko mahali ambapo anaweza kuinama anavyotaka. Amweke Mama, aisikie sauti hiyo kabla hajaisahau.

Ni sisi,

Wapigaji wa Chumba cha Chini