Pacha wa Mama Cheche

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Cheche, jina alilobandikwa na wateja wa karakana yake ya kuchomelea vyuma.

Mama Cheche alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, mama yake mzazi akafariki siku hiyohiyo, na baada ya wiki tatu alichukuliwa na hakimu na mkewe, waliomlea kwa mapenzi yote bila kumwambia kwamba kwenye kitanda kile waliachwa watoto wawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, akapata stashahada ya sheria, na mwaka 1983 akaajiriwa kuwa karani wa mahakama, maana nyumba ya hakimu haikuwahi kuwaza kazi nyingine. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mpima ardhi, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye leo ni mhasibu.

Mwezi Agosti 1992 fundi wa kuchomelea alikuja kutengeneza geti la mahakama, marehemu akasimama pale muda wote wa chakula cha mchana, akaomba naye ajaribu, na fundi aliapa kwamba mkono ule haukuwa wa mtu anayeanza. Aliacha kazi tarehe 31 mwezi huohuo. Mzee hakimu alinuna miezi miwili, kisha akamnunulia mashine, akamjengea karakana yenye madirisha makubwa, akamtafutia zabuni za madawati kwa marafiki zake.

Tarehe 9 Juni 2006, mteja mmoja alimpa pole ya kuugua na kumuuliza amepona lini, kwani wiki iliyopita alimwacha hoi hospitalini, katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Marehemu alicheka, lakini usingizi ukamkataa, na siku ya tatu akasafiri. Hospitalini walimwelekeza nyumba ya msiba, akafika jeneza likiwa bado uani, waombolezaji walipomwona wakatimka, mmoja akaacha viatu, akabaki binti wa yule aliyekuwa jenezani, wa miaka kumi na tisa, aliyemshika mkono akasema, "Mama, mbona umechelewa?"

Jeneza lilipofunuliwa, aliuona uso wake mwenyewe umelala. Pacha wake alilelewa na mpishi wa shule, akaishia darasa la saba, akachomelea vyuma miaka ishirini na mitano katika chumba kisicho na dirisha, hadi mapafu yakamshinda. Nani alitangulia kuzaliwa hakujulikana, hivyo binti, asijue amwite mama mkubwa au mama mdogo, akamwita mama tu, akahamia kwake.

Tangu hapo marehemu hakupenda vioo, na kila kikohozi alikiona ni zamu yake. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu walimpima damu, wakamweleza kwamba kurithi kuna sehemu yake katika kazi inayomvuta mtu, hata katika kipato chake, ila si yote, na kwa mtu mmoja hawawezi kusema damu inaishia wapi. Aliwauliza, basi mwenzangu alipungukiwa nini. Kuanzia Jumamosi iliyofuata alizunguka kwenye vibanda vya wachomeleaji, akiwatobolea madirisha bila kudai chochote.

Aliugua mapafu Novemba 2022, akafariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, kwa ugonjwa uleule, karibu miaka kumi na saba baada ya pacha wake. Binti yule ndiye anayewasomea hapa, na leo anauzika uso uleule mara ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi, na mafundi wote mliozima mashine zenu leo ili mje.

Pumzika kwa amani, mama wa pili, na umsalimie wa kwanza.