Barua Zote Alimwandikia Dada

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza mzee wetu, mtaani mlimwita Jibu Leo na wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake jingine, wala hakujali, maana alisema jina la mtu ni lile analoliitikia. Maneno haya yameandikwa na bintiye, mtoto wake wa mwisho, kwa niaba ya familia, na yamefuata kanuni aliyoiacha marehemu mwenyewe, kwamba anayeficha kasoro ya kitu asitegemee kuaminiwa akikisifu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, akitanguliwa kwa miaka sita na dada mmoja. Wazazi walipofariki kwa kufuatana, yeye akiwa darasa la tano, dada huyo aliacha masomo, akaikalia cherehani ya mama, na kwa kushona sare za watoto wa watu akamsomesha mdogo wake hadi akamaliza kidato cha nne mwaka 1969, na hata uzeeni alimtania kwamba elimu yake imeshonwa kwa uzi maradufu, ndiyo maana haifumuki.

Tarehe 10 Januari 1971 aliajiriwa kufunga vifurushi katika kampuni iliyouza bidhaa kwa njia ya posta, saa, pasi, redio na vyombo vya jikoni, na mwaka wa tatu, mwandishi wa barua za wateja alipougua, marehemu aliombwa aandike ya kuuzia redio iliyokuwa imedoda ghalani kwa sababu ya uzito wake. Alishinda mchana kutwa akimwandikia “mteja mpendwa” asiyemjua, akichana karatasi moja baada ya nyingine, hadi alipoweka kiti kitupu mbele ya meza, akamkalisha dada yake kwa mawazo, akamwambia kwamba redio hii ni nzito, usiinunue kama unataka ya kutembea nayo, lakini ukiiweka juu ya kabati haitikisiki hata mlango ukibamizwa. Jioni alimsomea dada barua hiyo, naye, bila kusimamisha mguu kwenye cherehani, akasema, “Hapo umenipata, mdogo wangu.” Redio ziliisha ghalani, na kwa miaka ishirini iliyofuata hakuna barua iliyotoka mezani kwake kabla dada hajayatamka maneno hayo.

Alipandishwa cheo kuwa mkuu wa waandishi mwaka 1978, na vijana waliopita mikononi mwake, ambao baadhi yao wapo hapa, wanakumbuka alivyowakataza kuandika kwamba saa ni imara, akawataka waende kuidondosha ngazini kisha waeleze ilivyokuwa, na alivyowasomesha kila barua kwa sauti, akisema pale ulimi wako unapojikwaa ndipo mteja anapokumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Aliwafundisha pia kwamba barua iombe jambo moja tu, iliombe mwishoni bila kuzungukazunguka, na zake zote zilimalizika kwa “jibu leo”, ndiko lilikotoka lile jina. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye husimulia kwamba alipotaka kumposa alianza kwa kumtahadharisha kuwa anakoroma, na wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja.

Mwezi Mei 1993 kampuni ilimkabidhi matone ya macho yaliyosemekana kurudisha nuru. Alimwuliza meneja ushahidi uko wapi, akajibiwa kwamba yeye ameajiriwa kwa kalamu, si kwa maswali, akaandika, na hiyo ndiyo ikawa barua yake ya kwanza isiyotaja kasoro, kwa kuwa kasoro hakuijua, na hakuijua kwa kuwa hakuitafuta. Alimsomea dada kama desturi, dada akasema hapo umenipata, ila safari hii mguu wake ulisimama kwenye cherehani, na marehemu akaondoka amefurahi, akidhani kusimama kule ni sifa.

Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, alimpelekea dada shati lililofumuka kola, akamkuta akipapasa tundu la sindano kwa vidole, na dirishani pamepangwa chupa tupu za matone, alizoziagiza kwa jina la jirani, kwa kuwa hakutaka kuomba vya bure kazini kwa mdogo wake. Tangu aanze kuyatumia alikuwa ameacha kwenda kliniki ya macho. Daktari alieleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba angewahi, sehemu kubwa ya nuru ingeokolewa, na mwisho wa mwaka 1995 hakuona tena. Marehemu alipomwuliza kwa nini hakumwambia kwamba anayatumia, dada alijibu, “Si ulikuwa unaniandikia mimi? Ningekataaje?”

Aliacha kazi, akawaandikia walionunua matone yale barua iliyoanza kwa maneno “nilikudanganya”, akiwaomba waende hospitali, mkewe na wanawe wakibandika stempu mezani, na majibu ya matusi aliyasoma yote. Alimhamishia dada chumba cha mbele nyumbani kwake, akaendelea kufundisha vijana barazani, akiwaambia wasimwandikie mgeni kitu ambacho hawajakichunguza kama cha kumpa ndugu, na kila alasiri alimsomea dada gazeti. Dada alicheka, alibisha, alimrekebisha, lakini yale maneno hakuyasema tena, wala yeye hakuyaomba, ila akishakunja gazeti alikaa kidogo kabla ya kuinuka, na wote nyumbani tulijua anasubiri nini.

Alianza kusumbuliwa na moyo Februari 2024, akalazwa mara mbili, akafariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024. Akiwa kitandani alimwagiza bintiye aandike historia hii, akamwonya, “Ukiyaacha matone, hiyo si historia, ni tangazo.” Kaka zake walisita, naye mwenyewe aliogopa, kwa hiyo jana alimsomea shangazi yake kila neno, akiwa tayari kulifuta lolote atakalolikataa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupokea mizigo hii bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa zamani na wanafunzi wake.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, hakufuta kitu, kisha akasema, “Hapo kanipata.” Akaagiza kwamba yasomwe haya kwa niaba yake, naye ameketi hapa mbele yenu, kwamba barua ya mdogo wake imechelewa kujibiwa, ila imejibiwa leo, na sasa apumzike kwa amani.