Betri Nne za Fundo

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe juu yenu na majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Bi Mwanawema Talib wa Gombani, fundi wa betri. Ndiyo, mwanamke, na fundi wa betri. Ametutoka Jumanne.

Alianzia barazani kwake. Bintiye, Shamima, anasema: "Sie tukilia njaa, Mama anatwambia ngojeni, nna mgonjwa hapa." Mgonjwa mwenyewe betri.

Sasa twendeni kisiwani Fundo, mwaka juzi. Kituo cha afya kina betri nne za akiba. Zimefungwa kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zifanye kazi kama moja umeme ukikatika. Asubuhi ile muuguzi Zulekha alizijaribu. Zikadumu dakika saba, kisha kimya. Na wodini yumo Khairat, ameshikwa na uchungu kwa mimba ya miezi minane. Mtoto huyo bila mashine ya oksijeni atapumua vipi?

Bahari ilichafuka. Kumvusha Khairat hakuthubutu mtu. Bi Mwanawema, alipopigiwa simu, akavuka.

Alifika baibui limerowa, mkononi ana mita na chaja ndogo. Akafungua nyaya, akapima moja moja. Tatu nzima. Ya nne hoi.

"Hii ilitoka hapa. Nani kaazima?"

Mzee Jaribu, mlinzi wa kituo, akakohoa. "Mie, Bi Fundi. Ya spika za maulidi. Lakini n'meirudisha mahala pake."

"Umerudisha mwili, Mzee Jaribu. Roho umeiacha kwenye maulidi."

Hata Khairat alicheka, na uchungu wake.

Bi Mwanawema akamweleza Zulekha: chaja kubwa ya kituo inasoma jumla ya zote nne. Tatu zikishiba, inaona yatosha. Ya nne inabaki na njaa, nayo ikiishiwa, zote zinazima.

"Na umeme ukikatika sasa hivi, Bi?"

"Hatuna kitu, mwanangu. Omba."

Aliichaji ile moja peke yake mpaka baada ya Alasiri. Kisha akaziunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zigawane zenyewe. Kila baada ya muda anazitenga, Zulekha anapima. Hii imeshuka kidogo, ile imepanda, mpaka zote nne zikasoma namba ile ile. Zulekha akaitazama mita tena. "Subhanallah," alisema, "na hakuna aliyezisukuma."

Bi Mwanawema akazirudisha kwenye mfuatano. Magharibi haijaadhiniwa, mtoto akazaliwa. Kilo moja na robo tatu. Akawekwa kwenye oksijeni, na umeme ukakatika.

Zulekha hakuthubutu kuitazama mashine. Aliisikiliza. Ikanguruma saa nzima. Saa ya pili. Umeme uliporudi, kile kifua kidogo bado kinapanda na kushuka.

Wasikilizaji wapendwa, tuziangalie nyumba zetu. Tusiridhike na jumla. Aliyeishiwa tumkalishe peke yake kwanza, tumpe muda.

Shamima na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu. Tumsomee Fatiha. Khairat amekuja hitimani na bintiye yule wa oksijeni, sasa anakwenda mwaka wa tatu. Mtoto huyo alilia kwa sauti kubwa, anasema Shamima, na msiba mzima hakuna aliyemnyamazisha.