Mama Njoo wa Injini ya Msaada

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wa reli, mliokaa na mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho asome mbele yenu maisha ya dada yake, na inaomba radhi mapema kwamba historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, kwa sababu marehemu mwenyewe alisomewa akiwa kitandani, akakataza isipunguzwe hata sentensi moja, kisha akaamuru iongezwe sehemu ambayo sisi tungependa inyamaziwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba namba sita ya safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa fundi wa njia na mama yake akifua mashuka ya hospitali. Siku hiyo baba alikuwa kilomita tisa kutoka nyumbani akikaza mataruma yanayobeba reli, akaletewa habari na dereva wa treni ya mizigo, aliyepunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti kwamba ni mtoto wa kike na kilio chake kinashinda honi. Mama yetu alipenda kusema kwamba huyu mtoto, kabla hajajua kukaa, habari zake zilishapanda treni.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1974, akaingia sekondari mwaka 1975 na kuhitimu mwaka 1978, akifanya vizuri katika hesabu na fizikia, na vibaya mno katika ushonaji, hata mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba binti huyu na sindano hawaelewani, jambo ambalo halikumzuia baadaye kuolewa na fundi cherehani.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa karani wa vifurushi stesheni, akakaa dirishani miaka mitatu akipima mizigo ya watu na kuzitazama injini kwa jicho la mwenye njaa, na tarehe 1 Februari 1982 akahamia karakana kwa hiari yake, kwenda kusafisha injini kwa mafuta ya taa na matambara, kazi ambayo wengine hupewa kama adhabu. Alipanda kuwa dereva msaidizi mwaka 1985, na tarehe 3 Septemba 1990 akapewa cheti cha udereva kamili, mwanamke wa kwanza katika njia yetu, ambapo baadhi ya wenzake walimpongeza kwa midomo, na mioyoni wakasema watakutana naye mlimani.

Mlima huo, kwa faida ya msioujua, ni kilomita kumi na moja za kupandisha bila kupumua, kona juu ya kona, na treni yenye mzigo ikifika katikati reli ikiwa imelowa, magurudumu huzunguka pale pale, na hapo hakuna ujanja, dereva hushika redio akaomba injini ya msaada itoke stesheni ya chini, ije imsukume kwa nyuma. Kuna sheria moja ambayo kila dereva hufundishwa kabla ya kufundishwa honi, kwamba ukishaomba msaada husogei tena hata hatua moja, hata kama mvua imekatika, hata kama injini yako imepata nguvu za ghafla, kwa sababu mwenzako ameshaingia kwenye njia yako, na anakuja akiamini upo pale ulipomwambia.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na huyo fundi cherehani, ambaye mnamwona pale mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mwaka 1988 ambaye leo ni mwalimu, kijana mwaka 1994 ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba mwaka 1996 ambaye bado yuko chuoni akisomea udaktari wa mifugo. Ndoa yao ilikuwa ya utani mwingi, na watu walipomuuliza shemeji yetu kama haoni wivu mkewe akiitwa na wanaume kwenye redio mchana kutwa, alijibu kwamba hata yeye humwita kila siku, tofauti ni kwamba wale wakiita anakwenda.

Sasa inakuja sehemu aliyotuamuru. Shemeji alipinga, akasema mke wake azikwe kwa heshima zake zote, na marehemu akamjibu kwa sauti ndogo aliyobaki nayo kwamba heshima nyingine si zake, za watu, na anataka kuzirudisha.

Tarehe 19 Aprili 1991, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na treni ya mabehewa ishirini na mawili ya saruji, katika manyunyu, alikwama kwenye kona ya kilomita ya saba. Aliomba msaada kama inavyotakiwa, na kutoka stesheni ya chini akatumwa dereva mkongwe wa injini ya msaada, ambaye ninyi wa reli mlimwita Mzee Taratibu, mtu wa miaka thelathini na moja kazini asiye na doa hata moja kwenye jalada lake. Katika kumsubiri, marehemu alianza kufikiria chumba cha madereva kitakavyolipuka kwa vicheko jioni ile, na mwenzake mmoja aliyeapa kwamba mwanamke hatauvuka mlima ule atakavyotembea kifua mbele, na aibu ikampanda kichwani. Alishuka, akazibua kwa waya bomba linalomwaga mchanga relini ili magurudumu yasiteleze, akapanda tena, akaona yanashika, na kwa kosa ambalo alisema hakulisahau hata siku moja, akaiachia treni irudi nyuma kidogo ili apate mwendo wa kuanzia, alizokusudia ni hatua mia tatu tu, lakini saruji haina adabu kwenye mteremko, mabehewa yakamvuta, breki zikachelewa kushika kwenye reli iliyolowa, na treni ikashuka kinyumenyume kuelekea kona ambayo Mzee Taratibu alikuwa anaipanda.

Mzee aliona mkia wa treni unatokeza kwenye kona, na mtu mwingine angeruka, lakini yeye alibadili mwelekeo, akaanza kurudi chini mbele ya yale mabehewa, akiyaacha yamkaribie polepole, hata yalipomgusa kishindo kilikuwa kimepungua, kisha akafunga breki zake zote na kuizuia treni nzima kwa injini moja, mita mia sita hivi, mpaka ikasimama. Alizipokea tani zile kama mtu anavyompokea mlevi asianguke. Hakufa mtu, halikuanguka behewa hata moja, ila kile kishindo kilimtupa juu ya mitambo, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuendesha tena injini wala hakutembea bila fimbo.

Kwenye uchunguzi, Mzee Taratibu alisema yeye ndiye aliyepanda kwa kasi, akaigonga treni iliyosimama. Dereva msaidizi wa marehemu na gadi, yaani msimamizi wa treni, wa siku ile, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki, walikuwa wameshaombwa naye wafunge midomo, na neno la Mzee halikuwa la kubishiwa, wakafunga. Marehemu alipomwendea hospitali akilia, akitaka kwenda kusema ukweli, Mzee alimkatalia, akamwambia, "Wewe wakikufukuza, hawatamkabidhi mwanamke mwingine usukani kwa miaka ishirini, mimi nimebakiza miwili, acha niondoke na lawama hii." Basi karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya zamu, ikieleza kwamba dereva yule amestaafishwa kwa uzembe, ikakaa hapo miezi mitatu, kila mtu akaisoma, na wanawe wakaulizwa habari zake shuleni.

Kuanzia tarehe 1 Februari 1993 marehemu aliomba nafasi ile ile ya injini ya msaada, ambayo hakuna aliyeitaka, kwa kuwa ni kukaa kwenye kibanda cha bati ukingoja mwenzako apate shida, na akaishika mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2021, miaka ishirini na minane. Hapo ndipo lilipotoka jina lake, kwani madereva waliacha kutaja namba na taratibu zote za redio, wakawa wanasema tu, "Mama njoo," naye akijibu, "Nakuja mwanangu, kaa hapo hapo," kwa sauti iliyomtuliza mtu kabla injini haijafika. Hakuwahi kumcheka aliyekwama, wala hakuruhusu mtu acheke mbele yake, alimpandia na chupa ya chai, akamsukuma hadi kileleni, na huko juu ndiko alikoanza utani, kama alivyomwambia yule aliyekwama mara tatu katika wiki moja kwamba safari ijayo amletee barua ya posa, maana sasa majirani wanasema. Tarehe 8 Julai 2004 aliisukuma treni ya mafuta ambayo breki zake zilikuwa zinavuja, kilomita nane kwa saa tano, bila kunyanyuka kwenye kiti, na alipofika alisema miguu imekufa ganzi na akaomba mtu amshushe kama gunia. Madereva wanawake tisa walipitia mikononi mwake, saba kati yao wamesimama pale nyuma kwa sare, na kila mmoja siku ya kwanza alitolewa nje ya injini, akapandishwa juu ya tuta, akaelezwa kwamba kuomba msaada si aibu, aibu ni kusogea baada ya kuomba. Hakuwaeleza alijulia wapi.

Hayo yote tunayasema kwa fahari, na hatumwonei haya dada yetu. Lakini alitaka pia isemwe kwamba Mzee Taratibu alipofariki, tarehe 2 Juni 2008, yeye alikaa msibani safu ya nne, akasikia miaka thelathini na moja ya kazi ya mtu yule ikisomwa kwa mistari miwili na kurukwa haraka, kwa kuwa familia iliona haya, akainamisha kichwa na hakusimama. Aliandika barua ya kukiri mara tatu, zote akazichana. Alijitetea moyoni kwamba anawalinda wale mabinti, na mwishoni alikiri kwamba alikuwa anaogopa, basi.

Afya yake ilianza kuzorota Novemba 2023 kwa maradhi ya ini, akalazwa mara mbili, na mwezi Agosti mwaka huu wa 2024 madaktari wakatueleza ukweli kwa upole. Tarehe 2 Septemba aliomba aitwe binti mkubwa wa Mzee Taratibu, ambaye ni mkunga, akamsimulia yote akiwa amelala, mbele ya mumewe na watoto. Mkunga aliuliza kwa nini hakusema wakati mama yake yuko hai, mama aliyekufa akiamini alizeeka na mtu mzembe. Mkunga akatoka, akasimama barazani, akarudi, akasema kwamba karatasi ile ilibandikwa hadharani, kwa hiyo na ibanduliwe hadharani, ukweli usomwe kwa sauti siku ya maziko, watu wote wa reli wakiwepo. Hakusema amesamehe, na marehemu hakumwomba aseme.

Alifariki dunia tarehe 6 Septemba 2024, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao hawakuchoka na maswali yetu, majirani waliopika, waliofagia na waliolala sakafuni nasi siku hizi nne, na wafanyakazi wa reli, ambao leo wamesimamisha injini ya msaada kwa saa mbili, tunaomba mungu wa mlima asiwajaribu madereva kwa saa hizo. Shukrani za mwisho ni kwa watoto wa Mzee Taratibu, walioketi safu ya mbele upande wa kulia kwa ombi letu. Mbele ya mashahidi wote hawa, baba yenu hakuwa mzembe, siku ile aliokoa treni, akaokoa watu watatu, akaokoa na kazi ya dada yetu.

Marehemu alituagiza kwamba katika kuaga tumtangulize Mzee. Mzee Taratibu, kazi yako imesomwa yote sasa, pumzika kwa amani. Nawe dada yetu, umfuate.