Nani Aliipiga Hii? Miaka Thelathini na Mmoja ya Dada Nedra Sorensen

Dada Nedra Sorensen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kulitumikia Duka la Larsen la Vitambaa na Karatasi, hapa mjini Ephraim, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Katika muda wote huo amekosa kazini siku kumi na tisa, na kumi na moja kati ya hizo zilitokana na wajukuu kuzaliwa.

Aliajiriwa Machi 1994 kupima vitambaa. Mwaka huohuo wanawake wa bonde letu wakapatwa na homa ya albamu. Picha zilizokuwa zimelala kwa amani kwenye masanduku ya viatu zikaamshwa zote kwa mkupuo, kila mama akataka ukurasa wenye mapambo kwa kila mtoto, na watoto wa huku si wawili wala watatu. Bwana DeVon Larsen, mwenye duka, aliondoa marobota ya flana, akaweka karatasi za rangi, gundi, stika na mikasi yenye meno ya kila namna. Kwa kuwa Dada Nedra ndiye pekee dukani mwenye mwandiko unaosomeka, akakabidhiwa darasa la Alhamisi asubuhi.

Hapo mwanzo hakuwa Dada Nedra huyu tunayemjua. Ukurasa wake wa kwanza, ambao bado upo stoo na ambao amekataza usionyeshwe leo, una picha tisa, kila moja na umbo lake: moyo, nyota, kengele, na mpwa wake mmoja aliyekatwa umbo la boga. Stika ni arobaini na mbili. Mwandishi amezihesabu.

Kilichombadilisha kinajulikana na wachache, naye ameruhusu kisemwe.

Alhamisi moja ya Oktoba 1995, mbele ya wanawake kumi na wanne, aliomba picha ya mfano. Mteja mmoja akampa picha ya mama yake, Thora Jensen, ameketi bustanini mwaka 1964. Dada Nedra akaweka kibao chenye tundu la umbo la yai juu ya Thora, akachora, akakata kwa mkasi wa meno ya mawimbi. Wanawake wakapiga makofi. Mteja naye alipiga. Akaibandika picha kwenye ukurasa wake, akampelekea mama yake nyumbani.

Thora aliuweka mapajani, akautazama.

"Mzuri," akasema. "Orval mmempeleka wapi?"

Orval Jensen alikuwa mumewe, mfugaji wa bata mzinga, aliyefariki mwaka 1989. Kamera ya nyumba ile ilikuwa yake, na kila mtu anajua maana ya hilo: familia nzima imo kwenye picha isipokuwa mwenye kamera. Picha ya harusi iliharibika pamoja na negativu zote maji yalipoingia chumba cha chini mwaka 1983. Ikabaki moja tu aliyotokea, hiyo ya 1964, siku shemeji yake alipomnyang'anya kamera. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa mkewe. Baada ya somo la Alhamisi vilibaki vidole vinne.

Mteja huyo ndiye mwandishi wa mistari hii, na Orval alikuwa baba yake. Hana sababu ya kujifanya hahusiki.

Ijumaa asubuhi alifika dukani akiwa amejiandaa kugomba. "Dada Sorensen, umemkata baba yangu ukamtupa." Dada Nedra hakujitetea. Hakusema "na wewe ulipiga makofi", ingawa alikuwa na haki ya kusema. Aliuliza tu, "Gari la taka limepita saa ngapi?" Lilikuwa limepita saa mbili. Akaomba pikapu ya Bwana Larsen na reki, akashinda dampo siku mbili. Alirudi na vipande sitini na kitu: bega la mtu, nusu ya mbwa, magoti ya watoto wa watu. Orval hakuwemo.

Jumatatu alikwenda kwa Thora na mkate aliouoka mwenyewe, kama tunavyompelekea aliyejifungua, aliyefiwa na tuliyemkosea. Thora aliupokea, akamkabidhi kisu. "Mkate kata upendavyo, mwanangu. Picha za watu ziache." Maneno hayo yamebandikwa juu ya ndoano za mikasi tangu wiki hiyo, na wageni hudhani ni methali ya wahenga.

Kabla ya kuondoka, Dada Nedra alisema, "Nitamtafuta. Bonde hili ni dogo, lazima atakuwa kwenye picha ya mtu."

"Mtafute," Thora akajibu. "Mimi sina safari."

Tangu hapo darasa likawa jingine. Dada Nedra alirudisha mikasi yote ya meno kiwandani, akabaki na mmoja wa kukatia utepe. Picha halisi hazikatwi. Zinatolewa nakala kwanza, hata kama mteja ana haraka na gari linanguruma nje. Ukurasa mmoja ni picha tatu: moja kubwa, mbili ndogo. Watu watazame ndani ya ukurasa, si nje kana kwamba wanataka kuondoka. Rangi zisizidi mbili, na zitoke kwenye nguo za waliomo. Pembeni pabaki peupe, upana wa vidole vitatu, "ili macho yapate pa kukaa". Maneno yaandikwe kwa mkono wa mwenyewe, hata ukiwa mbaya, kwa sababu mjukuu atautafuta mwandiko huo siku moja. Stika mwisho tatu. Ya nne, kwa kauli yake, ni kiherehere.

Mwisho kabisa, kila ukurasa una mstari mdogo chini kulia: nani aliipiga. Aliuliza swali hilo kwa kila picha iliyopita mezani kwake. Wateja walizoea kulijibu kabla hajafungua mdomo. Wapo waliokuwa wakiwapigia simu shangazi zao Idaho ili tu wajue, na wapo waliogundua kwamba katika albamu nzima ya miaka ishirini mama mzazi yumo mara mbili, na mara moja kati ya hizo ni kivuli chake kwenye majani.

Si kila kitu kilikuwa kizito. Mwaka 2003 bakuli la jeli ya kijani yenye karoti lilimwagika juu ya ndoa nzima ya familia moja ya Manti, kuanzia uchumba hadi keki. Ndiyo maana meza ya chakula imewekwa hatua saba kutoka meza ya kazi, na viazi vya jibini vinaruhusiwa tu kwa anayekula amesimama. Mwaka uliofuata alikuja mama wa watoto saba akilia, kwa sababu kifungua mimba alikuwa na picha mia nne na kitinda mimba alikuwa na mbili, zote amefumba macho. Dada Nedra alizipekua zote, akaona kitu ambacho mama hakuwahi kukiona: koti moja jekundu, limevaliwa na watoto sita, mmoja baada ya mwingine. Akapanga sita hizo kwa mstari, akaacha nafasi ya saba tupu. "Nenda kamvalishe, umpige picha leo leo." Ukurasa huo umeigwa katika nusu ya nyumba za wilaya hii, na koti limekuwa mali ya urithi.

Wakati huo wote, ahadi iliendelea. Mwandishi aliajiriwa stoo mwaka 1997, kwa sababu alikuwa akija kila Alhamisi kuuliza kama baba amepatikana, na Bwana Larsen aliona afadhali apewe shughuli. Kwa hiyo ni shahidi. Kila sanduku la picha za kabla ya 1989 lililoingia dukani lilipitiwa kwa kioo cha kukuzia, si nyuso za mbele bali za nyuma: waliokaa mbali, waliopita, waliosimama kwenye milango ya maduka. Mara tatu tulidhani tumempata. Wa kwanza alikuwa mtu wa Gunnison. Wa pili alikuwa nguzo ya uzio yenye kofia. Wa tatu alifanana naye mno hata Dada Nedra akaenda kwa Thora bila kusubiri chakula cha mchana. Thora aliitazama na kuirudisha. "Huyu si Orval. Orval hakuwahi kusimama wima hivi maishani mwake, kazi yake ilikuwa kutuamrisha sisi tusimame."

Miaka ilikwenda. Thora alihamia nyumba ya kulelea wazee. Jicho la kushoto likaacha kazi, la kulia likaanza kulifuata. Krismasi iliyopita alitimiza miaka tisini na mitano, na Dada Nedra alipompelekea mkate, kama alivyofanya kila mwaka, bibi alimwambia kwa utulivu, "Nedra, mwanangu, ile safari niliyosema sina. Nimeanza kufunga mizigo."

Dada Nedra hakusimulia hayo dukani. Alipandisha taa ya meza yake ikawa kali zaidi, akaanza kuja saa moja kabla ya kufungua. Bwana Larsen alipomkumbusha kwamba barua ya kustaafu imeshapita, alisema anajua kusoma tarehe.

Tarehe 13 Machi, Alhamisi, Merlene Olsen wa Spring City alileta picha ya bibi yake akila tikiti kwenye gwaride la sikukuu ya waasisi wa huku, Julai 24, mwaka 1958. Nakala ilikuwa imeshatolewa na Merlene ameshashika kisu cha kukatia.

"Nani aliipiga?" Dada Nedra akauliza.

"Babu. Upande huu wa kushoto nauondoa, kuna baba wa watu hapa simjui, ananiharibia."

"Hebu subiri kwanza."

Akachukua kioo. Halafu akakaa kitini, jambo ambalo hajawahi kulifanya darasani. Akamwita mwandishi aliyekuwa stoo, "Arvilla! Njoo hapa. Acha hayo maboksi, njoo sasa hivi!"

Kushoto mwa picha, nyuma ya gari la mapambo la wafuga bata mzinga, inaonekana migongo ya mwanamke mwenye gauni la miraba na wasichana wawili wadogo. Mbele yao, akitutazama sisi, amesimama mwanamume mwenye mikono ya shati iliyokunjwa. Ameshika kamera ya kisanduku tumboni, ile ya zamani ya kutazamia kwa juu, kwa hiyo uso wake haukuzibwa. Na picha aliyokuwa akiipiga dakika hiyo tunayo. Imekaa nyumbani kwetu miaka sitini na saba: Thora na binti zake wawili mbele ya dirisha la duka la dawa, gauni la miraba, wote wamekauka kama vigingi. Yule mdogo ni mwandishi. Mwandishi alilia, na haoni kwa nini alifiche hilo katika programu ya sherehe.

Merlene Olsen aliweka kisu chini na kusema, "Mungu wangu, na mimi nilikuwa namkata." Hakuna aliyemlaumu. Si wa kwanza.

Dada Nedra alimkuza Orval hadi akaenea kiganja, akatengeneza ukurasa mchana uleule. Picha kubwa ni Orval. Picha ndogo ni mbili: ile aliyokuwa akiipiga, na lile umbo la yai la mwaka 1964 lenye vidole vinne, ambalo alimwomba mwandishi liwemo. Rangi ni moja, ya miraba ya gauni. Stika hakuna. Tukaenda naye kwa Thora kabla jua halijashuka dirishani kwake, maana kwa mwanga wa taa haoni.

Bibi aliusogeza ukurasa karibu na jicho la kulia mpaka pua ikakaribia kugusa. Akapitisha kidole juu ya shati, juu ya kamera, akafika usoni, akakisimamisha hapo.

"Kumbe!" akasema. "Maisha yake yote, 'Simameni wima, msicheke, filamu ni ghali.' Sisi kutukataza kucheka, na yeye mwenyewe meno yote nje!"

Ni kweli. Orval anacheka. Ameinamia kamera, anaiangalia familia yake katika kile kioo kidogo, na anacheka. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua, kwa sababu waliokuwa mbele yake waliambiwa watazame kamera.

Thora alimshika Dada Nedra mkono, akaugeuza, akaupiga kofi dogo. "Haya, deni la mkate limekwisha." Bado yupo, na leo ameketi mstari wa kwanza. Ukurasa wenyewe upo kitandani kwake, na wauguzi wamechoka kuonyeshwa.

Dada Nedra, wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa Alhamisi zako zote na kwa kila sura ya nyuma ambayo hukuiacha ipite. Upumzike vyema, ule mikate ya wengine, na siku zako za mbele ziwe na nafasi nyeupe za kutosha.

Tulipotafuta picha ya jalada la programu hii, tulipekua miaka thelathini na mmoja ya duka, hatukukupata popote ila kiwiko kimoja. Kwa hiyo jalada tumeliacha tupu, na baada ya sala ya kufungua utasimama katikati, wenzako kushoto na kulia kwako. Unaruhusiwa kucheka. Chini kulia tumeshaandika: imepigwa na Arvilla Jensen.