Kipimo cha Mlango wa Kushoto

Sogeeni karibu wanangu, Lewis na Wendy, na hiyo redio izimeni, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana nayo.

Shamba la Makwasinyi ni la Lewis. Gereji ya hapa Voi, mashine ya kuchomelea, nyundo zangu zote na lile gari dogo lililofunikwa turubai kule nyuma, ni vya Wendy. Hapo msigombane.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa sina nguvu ya kurudia. Gari lile alilichora Nzau, mshirika wangu, kwa penseli, juu ya karatasi za mifuko ya simiti: gari fupi la watu wanne, lenye pua iliyoinama, la kupanda milima ya Wundanyi bila kuhema. Bati niligonga mimi. Miezi kumi niligonga mpaka masikio yakaziba, na kila aliyeingia gerejini aliuliza, "Yuko wapi Nzau, yule mwenye gari?" Hata mama yenu, Mungu amlaze pema, alimsifu mezani kwangu huku akimwongezea mchuzi. Wivu ulinikaba, wanangu, siwafichi.

Basi wiki moja kabla ya siku ya kulionyesha gari kwa watu, nilificha kipimo cha plaiwudi alichokata Nzau, cha kukatia bati la mlango wa kushoto, nikatengeneza kingine kilichozidi nusu kidole, na mlango nikaukata kwa hicho. Nilijua hautafunga, na bado niliupiga msasa ukang'aa. Siku yenyewe, mbele ya wageni, Nzau aliusukuma mara tatu kwa mkono, kisha kwa goti, watu wakacheka. Nami nikacheka. Akaamini ni mchoro wake uliokosea, akaenda zake Maungu kuchomelea matela ya malori, na kwa miaka sita hakushika penseli.

Wewe Wendy ndiye uliyemrudishia penseli mkononi. Kila Jumamosi uko kwake, na nasikia mnataka kuvunja ubavu wote wa kushoto muuchore upya. Msivunje. Mchoro ulikuwa sawa. Kipimo cha kweli kiko chini ya godoro hili, nimekilalia miaka yote hiyo. Kipeleke kesho, usingoje mnizike, na umwambie Nzau mbele ya wafanyakazi wake kwamba aliyeharibu ni mimi.

Wala msidhani wivu umekwisha kwa sababu nakufa. Ukirudi kutoka Maungu, Wendy, ni fundi kasema hivi, fundi kasema vile. Nyundo ulijifunza kushika kwangu, lakini fundi ni yeye. Mimi ni baba tu. Inaniuma.

Nipeni maji... Inatosha. Mlango mpya ukikubali, Nzau awe wa kwanza kuufunga, ni haki yake. Lewis, mwangalie dada yako. Mungu awabariki, awape mikono isiyoficha kitu, awape... ngojeni, pumzi.

Wendy, nishike. Niite fundi. Mara moja tu, nisikie.